Kazi ya mifuko ya hisani ya hospitali wakati wa UVIKO-19

Ndugu yangu, umeuliza mfuko wa hisani una kazi gani hospitalini ilhali serikali ndiyo inayolipa mishahara na dawa. Nchini Uingereza, mwaka 2020, mzee Tom Moore, askari mstaafu, alitembea mizunguko 100 bustanini kwake kabla ya kutimiza miaka 100, akachangisha zaidi ya pauni milioni 30 kwa NHS Charities Together, muungano wa mifuko ya hospitali za umma. Michango ya aina hiyo iliwapatia wauguzi chakula, vyumba vya kupumzikia na ushauri nasaha. Lakini linalonigusa zaidi ni vishikwambi walivyopewa wagonjwa waliozuiwa kutembelewa, ili wawaone jamaa zao, wengine kwa mara ya mwisho.