Kumwonya mwandishi kuhusu rejeo lililokatika bila kumkatiza

Ndugu, umeuliza programu yako ya kuandikia imwonyeje mtu aliyefuta jedwali linalotajwa kwingine (rejeo, yaani maneno kama “tazama Jedwali 4”, hubaki halielekezi popote), bila kidirisha kumrukia katikati ya sentensi. Kidirisha kiache kabisa.

Usikague kila herufi inapobonyezwa. Subiri vidole vitulie, tuseme sekunde 2. Wengi hukosea hapa: mtu akikata aya yenye jedwali ili aibandike ukurasa mwingine, rejeo hukatika kwa muda tu. Kitambulisho cha jedwali, yaani alama ya siri ambayo programu hulitambua kwayo, kisafiri na maandishi yaliyokatwa; yakibandikwa, onyo lifutike lenyewe. Akinakili badala ya kukata, nakala ipewe kitambulisho kipya.

Tumia mstari wa mawimbi chini ya rejeo na alama ndogo pembeni, maana rangi peke yake haimfai asiyetofautisha nyekundu na kijani. Chini ya skrini weka “Marejeo 3 yamekatika”. Akibofya, apate orodha. Na tafadhali, hifadhi maneno ya awali, “Jedwali 4”. Word, ukibonyeza F9 ili kusasisha marejeo, huyaondoa na kuweka “Error! Reference source not found.”, na mwandishi hubaki hajui alikuwa anarejea nini.

Pa kumsimamisha ni pale tu anapochapa kwenye karatasi au kutoa PDF. Hapo muulize, lakini mwachie njia ya kuendelea.