Wasomaji wanauliza: Michoro ya Kolo kwa siku moja

SWALI: Tunaishi Dodoma mjini, tuna gari dogo na watoto wawili. Je, tunaweza kwenda kuona michoro ya miambani Kolo na kurudi siku hiyohiyo? – Mama wawili, Area C

JIBU: Mnaweza, mama, ila mtoke alfajiri. Kolo iko kama kilomita 180 kwa barabara ya Arusha, mbele ya Kondoa mjini, na ni lami. Msipitilize moja kwa moja hadi mlimani. Anzieni ofisi ya michoro pale kijijini, mlipe kiingilio na kupewa mwongozaji. Makumbusho madogo yapo hapohapo.

Kwenda Mungomi wa Kolo, kwenye miamba yenyewe yenye michoro, ndiko kwenye kazi. Njia ni mbovu, gari la chini hugusa mawe, na masika msijaribu kabisa. Mwishoni mnapanda mlima kwa miguu: watoto wavae raba, siyo ndala, na kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji.

Mkifika, tazameni taratibu. Michoro myekundu ni ya wawindaji: watu wembamba, warefu, wenye vichwa vikubwa, pamoja na wanyama. Ile myeupe, minene, ni ya baadaye, na mahali pengine imepakwa juu ya myekundu.

Tafadhali, asiwepo wa kumwagia mwamba maji ili rangi ikolee kwenye picha. Maji hung'oa rangi, nayo hairudi. Vidole navyo huacha mafuta. Wenyeji bado wanatambika pale, kwa hiyo mkikuta vyombo vyao, msiviguse.