Hapana, Sichezi Ngoma Peponi: Jibu kwa Ndugu Zangu wa Pangani

Ile video nami imenifikia. Nimeona mlivyoisambaza kwenye kundi la ukoo, na maneno mliyoweka chini yake: kaka anakula maisha Hawaii, analipwa dola kwa kucheza ngoma ufukweni. Dogo akaniomba nimtafutie nafasi, hata ya kupiga ngoma tu. Mjomba naye kauliza mawili: ni kweli wenyeji wa huku bado wanaabudu mlima wa moto? Na tukimuuzia mwekezaji kile kiwanja cha Ushongo, hoteli haitatuletea neema kama iliyowashukia watu wa Waikiki, huu ufukwe wa mahoteli ninakofanya kazi?

Najibu, ila msitegemee mpangilio. Nimetoka kazini saa sita usiku na miguu inawaka.

Habari za baridi na makaratasi niacheni. Huku baridi hakuna, na viza niliipata kwa bahati nasibu, mnajua wote. Kinachonikera ni hiyo kazi mnayoishangilia.

Mimi nabeba sahani. Mgeni akimaliza nguruwe wake, naondoa sahani, nafuta meza. (Ndiyo, Mjomba, shikamoo, nguruwe. Nabeba, sili.) Siku moja mchezaji hakutokea. Msimamizi akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaona mtu mweusi, mrefu, ana mabega, akanipa nguo ya kufunga kiunoni, shada la majani la kichwani na kombe kubwa la baharini la kupuliza. Washa mienge, kimbia, usiongee na mgeni. Ndivyo nilivyoambiwa. Watu wakapiga picha mpaka wakachoka. Mama mmoja akaniuliza ukoo wetu uko visiwani humu tangu lini. Nikatabasamu tu, mtoto wa Pangani. Hiyo ndiyo video yenu. Tangu hapo mtu akikosekana wananivisha mimi, na usiku huo malipo yanaongezeka kidogo. Ada ya Dogo ya muhula uliopita ilitoka humo humo, kwa hiyo sina hata pa kujidai kwamba nimekataa.

Jikoni tuna mama mmoja, Mhawaii hasa, tunamwita Anti. Aliniona nikirudi na nguo ile. Hakucheka. Akasema, "Mjukuu wangu ndiye angeifunga. Yuko Las Vegas anagawa karata kwenye kasino." Akaendelea kukata mananasi.

Sikumwelewa siku ile. Leo naelewa. Hapa kisiwani Oahu nyumba ya kawaida ya familia moja imepita dola milioni moja. Anti na mumewe wamefanya kazi hotelini maisha yao yote na bado wanapanga. Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wahawaii wa asili wanaishi nje ya Hawaii. Wenye kisiwa wamehamia jangwani, kama huko Las Vegas, kutafuta kodi nafuu, na mimi wa Pangani navaa nguo yao. Hiyo ndiyo neema ya Waikiki, Mjomba.

Na hapo ninapokimbia na mwenge palikuwa na majaruba ya magimbi na mabwawa ya samaki. Miaka ya 1920 ukachimbwa mfereji wa Ala Wai, maji yakakaushwa, hoteli zikapanda. Magimbi kwao si chakula tu. Wanasimulia kwamba mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, kaburini pakaota gimbi. Aliyefuata akaitwa Hāloa, na kwake ndiko watu walikotoka. Kwa hiyo gimbi ni kaka yao mkubwa. Sasa fikiria kaka yako mkubwa kamwagiwa zege, halafu wewe unaitwa uje kuwahudumia vinywaji wanaokaa juu yake.

Msidhani mambo yalianza na bunduki. Yalianza na hati. Mwaka 1848 mfalme Kamehameha III aligawa ardhi kati yake, machifu na serikali. Mwaka 1850 mgeni akaruhusiwa kununua, na mwananchi wa kawaida akaambiwa akadai hati ya shamba analolima: alete mashahidi, apimiwe, afuatilie. Wengi hawakwenda. Watu walikuwa wakilima pale tangu babu wa babu, karatasi ya nini? Waliopata, ukiwajumlisha wote, hawakufikisha hata asilimia moja ya ardhi. Malkia Liliʻuokalani alipopinduliwa Januari 1893, wanamaji wa Marekani wakiwa wameshashuka nchi kavu, wenye mashamba ya miwa walikuwa wameshajipanga siku nyingi. Mwaka 1993 Bunge la Marekani likapitisha azimio la kuomba radhi. Radhi ilikuja bila kiwanja hata kimoja.

Mnaniambia nijifunze lugha yao, itanisaidia kazini. Kazini hakuna anayeizungumza zaidi ya salamu tunayofundishwa kuwapigia wageni kelele. Anti mwenyewe haijui. Mwaka 1896 ilitungwa sheria kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Mama yake Anti alichapwa kwa kuongea lugha ya kwao darasani, akaapa kwamba wanawe hawatachapwa, akawalea kwa Kiingereza peke yake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 watoto wanaoizungumza visiwani kote walikuwa hawafiki hamsini. Na hawa watu walikuwa na magazeti ya lugha yao tangu 1834!

Kilichoiokoa si tamasha wala wizara. Ni wazazi. Mwaka 1984, huko Kekaha kisiwani Kauai, wazazi na walimu wachache walifungua shule ya chekechea ya Kihawaii kitupu, Pūnana Leo, wakati sheria ilikuwa bado inakataza. Kizuizi kikaondolewa 1986, na mwaka uliofuata madarasa ya Kihawaii yakaanza katika shule za serikali. Mpaka leo mzazi akimpeleka mtoto Pūnana Leo, naye anabanwa: ajifunze lugha jioni, atoe saa zake kufanya kazi za shule. Anti ana mjukuu mwingine anayesoma huko, wa miaka minne, anamsahihisha bibi yake matamshi mezani. Bibi anafurahi na kuona aibu kwa pamoja.

Kabla hamjawaonea huruma: mama yetu akituongelesha Kibondei, sisi tunamjibu kwa Kiswahili na kumcheka. Nani alituchapa?

Haya, mlima wa moto. Mjomba, Wahawaii wengi ni Wakristo. Miiko ya dini yao ya kale waliivunja wakuu wao wenyewe mwaka 1819, mfalme kijana alipoketi kula na wanawake, na wamisionari walifika mwaka uliofuata. Lakini Anti, asiyekosa kanisa Jumapili, hachumi jani bila kuomba ruhusa kwanza, na Kīlauea, ule mlima wa moto wenyewe, ikifoka utamsikia akisema Pele, mungu wao wa kike wa moto, yuko kazini. Ajabu iko wapi? Unisamehe, Mjomba, wewe unaswali safu ya mbele, na ubani na kitambaa chekundu ulivyopeleka pale mbuyuni mwaka wa ukame tuliviona.

Ukitaka kujua wanachokiheshimu kweli, tazama mlima Mauna Kea. Kilele kina zaidi ya mita 4,200, kimeshajengwa darubini kadhaa za kutazamia nyota, na wanasayansi wakataka kuongeza nyingine yenye kioo cha mita 30. Julai 2019 wazee wakaketi katikati ya barabara ya kupandia, kwenye viti, wamejifunika mablanketi, maana kule juu baridi ipo. Vijana wakaambiwa na wazee wao wakae kando, wasirushe hata jiwe. Polisi wakawakamata wazee zaidi ya thelathini. Watu hawakuondoka, wakakaa miezi. Anti alikwenda kupika. Anasema kila siku, mara tatu, watu walikusanyika kuimba na kucheza hula, ngoma yao ya asili, kwa ajili ya mlima, aliyekuwepo akaingia. Mpaka ninapoandika, darubini ile haijajengwa. Kwenye jukwaa letu, visu vya moto ni vya Wasamoa, zile nyonga za harakaharaka ni za Tahiti, na mpuliza kombe ni wa Pangani. Mgeni anaondoka anasema ameiona Hawaii.

Sasa kiwanja.

Kisiwani Maui, mahali paitwapo Honokahua, mwishoni mwa miaka ya 1980 walichimba msingi wa hoteli kwenye kilima cha mchanga wa pwani. Yakatoka mifupa ya watu mamia, maana wazee wa huku walizika mchangani. Kwao uzima wa mtu umo mifupani, ukimfukua umemfukua kweli. Wakaandamana mpaka hoteli ikasogezwa juu, mifupa ikarudishwa, na 1990 ikapatikana sheria ya kulinda makaburi ya namna hiyo. Lakini mifupa ilikuwa imeshatolewa. Babu yuko wapi, Mjomba? Chini ya ule mkwaju, na watoto wawili wa bibi pembeni yake. Dalali atawaambia makaburi yatahamishwa vizuri. Mkataba wa kuuza ukishasainiwa, mkwaju ni wa mwenye hoteli, na ninyi mtaombwa mje Jumamosi na ngoma zenu, wageni wakila.

Msiuze. Najua paa la bibi linavuja, najua ni rahisi kusema nikiwa mbali, tena mshahara wangu wenyewe unatoka kwenye hoteli za aina hiyo hiyo. Sina jibu la hilo. Kodisheni kwa miaka, makaburi na njia ya kwenda baharini viandikwe kwenye mkataba, na asome mwanasheria mliyemlipa ninyi, si yule atakayeletwa na mwekezaji. Ikishindikana kabisa na bei ikawa ya kutisha, nipigieni, tuzungumze. Hapana. Msiuze.

Dogo, usije. Na usiniletee habari za Obama: baba yake alitoka Kenya mwaka 1959 akaja hapa kusoma chuo kikuu, hakuja kuvaa shada la majani. Maliza ufundi umeme pale VETA, fundi mwenye cheti huku anaheshimika, anaishi. Ukija na cheti nitakupokea uwanjani mwenyewe, utalala sebuleni pamoja na Mfilipino tunayechangia kodi. Ukija bila cheti nitakupokea vilevile, wewe ni damu yangu, ila nitakutukana njia nzima.

Pesa ya mabati natuma mwisho wa mwezi. Hati ya Ushongo aiweke Shangazi, Mjomba usinune, na yule dalali asikanyage tena kwa bibi bila mimi kuwa kwenye simu.