Maswali ya Wasomaji: Mfalme Mtoto Aliyevaa Nyeusi

Swali: Toleo lililopita mlichapa picha ya Carlos wa Pili wa Hispania, kazi ya Juan Carreño de Miranda. Ni mtoto, lakini kavaa nyeusi kama mzee wa baraza, wala hana taji. Kwa nini? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Carlos alizaliwa Novemba 1661 na kurithi kiti cha enzi Septemba 1665, baba yake Felipe wa Nne alipofariki. Miaka minne ilikuwa bado haijatimia. Mama yake, Mariana, ndiye aliyetawala kwa niaba yake hadi mtoto afikishe 14. Picha kama hii basi ilikuwa na kazi ya kufanya: kuwaonyesha mabalozi na falme jirani kwamba kiti kina mwenyewe.

Taji halipo kwa sababu wafalme wa Hispania wa ukoo wa Habsburg hawakuwa na desturi ya kuchorwa nalo. Mavazi yale ni ya mtindo wa baba yake. Shingoni ni golilla, kola ya karatasi ngumu iliyofunikwa kitambaa cheupe, ambayo Felipe aliihimiza mwaka 1623 alipopiga vita kola kubwa za marinda zilizokuwa zikimaliza fedha za watu. Karatasi mkononi ni alama ya mtawala anayepokea maombi ya raia. Mtoto hakuwa akiamua lolote, lakini picha inamtaja kama mwamuzi.

Sasa shusha macho kwenye miguu ya meza. Wale ni simba wa shaba, sehemu ya kundi la simba 12 walioletwa kutoka Roma wakati Velázquez, mchoraji wa mfalme Felipe, alipokuwa akinunua vitu vya ikulu. Anayekijua kiti cha enzi cha Suleimani katika Biblia, chenye simba 12 kwenye ngazi, ataelewa mara moja kwamba mfalme anafananishwa na Suleimani. Nyuma kuna vioo vinavyobebwa na tai, nao ni ndege wa ukoo wa Habsburg. Ukumbi huo, ulioitwa Ukumbi wa Vioo, uliteketea pamoja na ikulu ya Alcázar ya Madrid usiku wa kuamkia Krismasi, 1734. Simba waliokolewa, baadhi yao leo wako Prado, jumba la makumbusho la Madrid. Kwa maoni yetu, meza hiyo inasema mengi kuliko uso wa mfalme.

Swali: Nimeona picha karibu ileile Oviedo, mji wa kaskazini mwa Hispania, na nyingine Prado. Ipi ni feki? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Hakuna feki. Ya Oviedo ni ya 1671, mtoto akiwa na miaka tisa hivi. Ya Prado ni ya baadaye kidogo. Mpangilio ukishakubalika ikulu, mchoraji aliurudia: ukumbi, meza na mkao vinabaki, kichwa kinachorwa upya kadiri mtoto anavyokua. Ukitaka kujua ipi ilitangulia, linganisha mashavu na urefu wa taya, usihangaike na nguo. Taya hilo refu halikufichika. Wazazi wake walikuwa mjomba na mpwa, na ndoa za namna hiyo zilikuwa zimerudiwa vizazi kadhaa.

Swali: Namchora binti yangu kwa mtindo huo, rangi za mafuta. Gauni jeusi limepasuka nyufa baada ya miezi michache. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Nyeusi ya mifupa, yaani rangi itokanayo na mifupa iliyochomwa, hunywa mafuta mengi na kukauka polepole sana. Ukiipaka nene kisha ukaweka juu yake rangi inayokauka haraka, ya juu hukaza huku ya chini bado inasogea, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Changanya sehemu tatu za nyeusi na moja ya kahawia ya udongo iitwayo amba, ambayo huharakisha ukaukaji. Tabaka la kwanza liwe jembamba, na tapentaini kidogo. La pili liongezwe matone ya mafuta ya kitani, na lisipakwe hadi la kwanza liache kunata kidoleni. Mikunjo inayopata mwanga itoe kwa nyeusi yenye buluu na nyeupe kidogo, la sivyo gauni litaonekana kama shimo.

Angalia pia vipimo. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, mtoto wa miaka kumi ana vichwa sita na nusu. Wengi humchora mtu mzima kisha wakampunguza, na matokeo yake ni mtu mfupi, si mtoto. Anza na kichwa, ukipime kwa penseli mkono umenyooka, halafu shuka hadi viatuni.