Elliot Forbes hakuwa mtu mmoja

Je, Elliot Forbes alikuwa mtu halisi? Hapana, yule Elliot Forbes aliyetangazwa pamoja na filamu ya Mom and Dad (1945) kuwa mtaalamu wa elimu ya uzazi hakuwahi kuwepo. Lilikuwa jina lililobuniwa na mtayarishaji wa filamu hiyo, Kroger Babb, na kwa kuwa nakala nyingi za filamu hiyo zilizungushwa Marekani kwa wakati mmoja, wanaume kadhaa walilitumia jina hilo usiku uleule katika miji mbalimbali. Katika baadhi ya kumbi za Wamarekani weusi, kazi hiyo ya kuwahutubia watazamaji ilifanywa na mwanariadha Jesse Owens, tena kwa jina lake halisi.

Sababu ilikuwa biashara. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na William Beaudine kwa bajeti ndogo, ilisimamishwa katikati ili "Forbes" atoe hotuba yake, kisha wanawake waliovaa sare za wauguzi wakapita kati ya viti wakiuza vijitabu vya elimu ya uzazi vilivyoandikwa na mke wa Babb, kimoja kwa dola 1. Wanawake na wanaume waliingia kwa saa tofauti, kwa kisingizio cha staha, ingawa kwa maoni yangu hakuna bango ambalo lingevuta watu kuliko katazo hilo.

Hata hivyo, si haki kuiita utapeli mtupu, kwa sababu picha za kujifungua zilizomo ni za kweli, na mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa.