Swali la lugha: Ua la mpopi si ua la afyuni

Swali: Nilitafsiri habari ya kumbukumbu ya vita jijini London nikaandika kwamba wageni "walivaa maua ya afyuni", nikikusudia "poppy" ya Kiingereza. Mhariri amenirudishia. Kamusi yangu inasema mpopi ni mmea utoao afyuni, nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mhariri wako ana haki. Mipopi ni ya aina nyingi. Unaotoa afyuni, au kasumba, ni Papaver somniferum: tunda lake bichi huchanjwa, likatoka utomvu mweupe. Ua la kumbukumbu ni la Papaver rhoeas, mpopi mwitu wa mashamba ya nafaka ya Ulaya, ambao hautoi afyuni. Ukiandika "maua ya afyuni", msomaji ataona waombolezaji wamejipamba kwa mmea wa dawa za kulevya, na huko ni kuwavunjia heshima wanaokumbukwa.

Ua lenyewe lina petali nne nyekundu, nyembamba kama karatasi ya shashi, mara nyingi zina baka jeusi kwenye kitako, na kikonyo chake kina vinyweleo. Mbegu huweza kukaa ardhini miaka mingi, zikaota pale udongo unapotifuliwa zikapata mwanga. Ndiyo maana mipopi ilichanua kwa wingi Flanders, Ubelgiji, ambako mizinga, mahandaki na makaburi viliivuruga ardhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. John McCrae, daktari wa jeshi la Kanada, aliitungia mipopi hiyo shairi huko mwaka 1915. Mwaka 1921 maua ya bandia yakaanza kuuzwa Uingereza ili kuwasaidia askari waliotoka vitani. Wafaransa wana ua lao la buluu, kwa hiyo usije ukaandika kwamba Ulaya nzima huvaa mpopi.

Tuje kwenye sarufi. Mwaridi hutoa waridi, myasmini hutoa yasmini. Kwa mkondo huohuo, mpopi ni mmea na popi ni ua: popi jekundu, mapopi mekundu. Hata hivyo, popi peke yake bado ni geni kwa wengi, nami ningeanza na "ua la mpopi mwitu", kisha popi baadaye. Kitenzi "vaa" kisikutie shaka hata kidogo. Wanawake wa pwani huvaa vikuba, yaani vishada vya maua na majani yanukiayo, tangu zamani. Basi andika: "Wageni walivaa maua mekundu ya mpopi vifuani."