Maswali ya wasomaji: Mombasa na mwambao, kutoka Wareno hadi Waingereza

Fort Jesus, ngome ya Mombasa, ilikuwa na kuta nene na mizinga. Waomani waliiteka vipi?

Kwa njaa, maradhi na subira. Waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Wareno waliijenga 1593–1596 mlangoni mwa bandari, lakini askari wao walitoka Goa, makao yao makuu huko India, na chombo cha Goa huja kwa kaskazi. Msimu ukipita, ni kungoja mwingine. Msaada ulifika mwisho wa 1696, kisha maradhi yakaingia ngomeni. Katikati ya 1697 karibu Wareno wote walikuwa wamekufa, na walioishika ngome ni Bwana Daudi wa Faza, mji wa visiwa vya Lamu, na watu wake. Wengi huvisimulia vita hivi kana kwamba vilikuwa vya Waislamu na Wakristo tu. Lakini Faza ilikuwa na uhasama wa zamani na jirani yake Pate, na Pate ilikuwa upande wa Omani. Mwaka huo huo meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome. Vitu vilivyoopolewa vimo katika makumbusho yake.

Mbona Mazrui, Waomani pia, walipigana na Seyyid Said?

Walikuwa maliwali wa Mombasa wa nasaba ya Yarubi, iliyotawala Omani kwanza. Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, waliposhika Omani miaka ya 1740, Mazrui walikataa kuwatii. Mwaka 1824 walipandisha bendera ya Kiingereza wajikinge, lakini London haikuridhia na 1826 Waingereza wakaondoka. Seyyid Said akaitwaa Mombasa 1837.

"Maili kumi" za pwani ya Kenya zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886. Walimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi za baharini, yaani kama kilomita 18.5, kutoka maji yanapofika yakijaa. Watu wa bara nyuma yake hawakuulizwa, wala wa pwani. Wajerumani wakanunua sehemu yao ya kusini 1890 kwa maki milioni 4. Sehemu ya kaskazini Waingereza waliikodi: mkataba wa Desemba 1895 uliahidi pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na riba ya 6,000 juu ya pauni 200,000, fedha za Sultani zilizotumika kuilipa kampuni ya Kiingereza iliyotawala huko iondoke. Ndiyo maana 1920 bara ikawa koloni na pwani ikabaki himaya, yaani bado ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, bendera yake nyekundu ikipepea Mombasa. Mapatano ya Oktoba 1963 yaliuunganisha ukanda na Kenya, kwa ahadi ya kulinda mahakama za kadhi na hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa.

Kwa nini wenyeji wa Kilifi na Kwale huitwa maskwota kwenye mashamba ya babu zao?

Chanzo kikubwa ni sheria ya hatimiliki ya 1908. Mwenye ardhi alitakiwa apeleke dai lake na ushahidi kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Mfumo huo uliwafaa waliozoea hati na ofisi. Wamijikenda wengi walimiliki kwa ukoo, bila karatasi, na madai yao hayakuandikwa. Dhuluma hiyo haijafutwa mpaka leo, na ile ahadi ya 1963 iliwalinda waliokuwa na hati tayari. Anayefuatilia shamba la pwani aanze na sajili, aone kama kiwanja kilipewa mtu hati chini ya sheria ya 1908 au kiliandikwa cha Serikali, kwa kuwa ardhi ya mtu na ya Serikali hazidaiwi kwa njia moja.